Git Haishibi kwa Kuongezewa RAM

Katika ofisi nyingi zenye seva ya Git, hukumu hutolewa kabla ya ushahidi. Usiku mchakato unauawa, asubuhi logi inaonyesha mstari mfupi, pack-objects died of signal 9, na kabla mtu hajauliza ni repo ipi, ni mafaili gani, au nani alikuwa anakloni saa hiyo, mkubwa wa chumba ameshatoa fatwa: RAM ni rahisi, ongeza. Fatwa hupokewa kwa furaha kwa kuwa haimdai yeyote kazi. Msimamizi wa seva anabonyeza kitufe cha kupandisha daraja la mashine, mhasibu anapokea ankara nene mwezi unaofuata, na swali lenyewe, kwamba programu ya kutunza matoleo ya maandishi ilikuwa inafanya nini na gigabaiti 16, halipati hata mtu wa kuliandika daftarini.

Niitendee haki rai hii kabla sijaivunja, maana walio nayo si wajinga, na baadhi yao wananizidi uzoefu. Hoja yao inakwenda hivi. Bei ya RAM imekuwa ikishuka kwa miongo, ilhali mshahara wa mhandisi haushuki. Kwa hiyo siku nzima ya mhandisi kuchimba chanzo cha ulaji ni ghali kuliko gigabaiti za ziada. Tena, kumbukumbu iliyokaa bure ni hasara, na programu nzuri ni ile inayoitumia yote. Tena, Git si programu ya kubahatisha: Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli ya Linux, Junio Hamano ameisimamia tangu Julai mwaka ule ule, na kama inaubeba mradi wenye komiti zaidi ya milioni moja, basi inapoanguka juu ya repo yenu ya duka la mtandaoni, mwenye kasoro ni mashine. Na kama si mashine, wanaongeza wachache, basi Git inavuja. Subirini toleo jipya.

Ukizisikiliza kwa haraka, hoja hizi zinashikana mikono. Zisikilize tena. Mtu hawezi kuisifu Git kwa uimara ulioibeba kerneli, kisha pumzi hiyo hiyo aseme inavuja. Wala hawezi kufundisha kwamba RAM ni ya kutumiwa yote, halafu akashtuka inapotumiwa yote.

1. Namba iliyowatisha

Ushahidi unaopelekwa kwa mhasibu karibu kila mara ni picha ya skrini ya top: mstari wa git, na kando yake safu ya VIRT inayosoma gigabaiti 30. Anayeipeleka haelezi, na pengine hajui, kwamba Git husoma mafaili yake ya pakiti kwa mmap: haiyanakili ndani ya kumbukumbu yake, bali huiomba kerneli iyaonyeshe kana kwamba yamo humo. Kwenye mashine za biti 64, mpangilio wa kawaida unairuhusu Git kufungua madirisha ya gibibaiti 1 kila moja juu ya pakiti, na kikomo cha jumla, core.packedGitLimit, ni tebibaiti 32. Hicho si kikomo, ni adabu tu ya kuandika namba. Repo yenye pakiti ya GB 20 inaweza kuonyesha VIRT ya GB 20 na zaidi bila kumnyima mtu chochote.

Hata safu ya RES, ambayo wajuzi wa nusu huikimbilia wakishawacheka walioitazama VIRT, inachanganya vitu viwili. Mna kurasa za mafaili, ambazo kerneli huzitwaa wakati wowote ikihitaji nafasi, kwa sababu asili yake iko diskini. Na mna kumbukumbu isiyo na faili nyuma yake, ile inayoombwa kwa malloc, ambayo haina pa kwenda isipokuwa swap. Hii ya pili ndiyo inayoua. Kuzitenganisha hakuhitaji shahada: tangu Linux 4.5, /proc/PID/status inazitaja kwa majina mawili, RssFile na RssAnon. Ni mistari miwili ya maandishi, na mashine hupandishwa daraja bila mtu kuisoma.

Hapa ndipo msemo wa kumbukumbu iliyokaa bure unapogeuka kichekesho. Ni wa kweli kabisa kwa kurasa za mafaili: ziache zijae, zitatolewa zikihitajika. Lakini wenye msemo huhofia hizo hizo, kwa kuwa ndizo zinazovimbisha namba kwenye skrini. Wakifika kwenye RssAnon, ambako msemo hauna kazi kwa sababu kerneli haiwezi kuzitupa kurasa hizo hivi hivi, wanautamka kwa utulivu wa kasisi.

2. Mashine kubwa, ulaji mkubwa

Watu wengi wanaamini kwamba Git huhifadhi tofauti kati ya toleo na toleo. Wakati wa kukomiti haifanyi hivyo. Kila toleo la faili huwekwa zima, limebanwa kwa zlib, na tofauti hutafutwa baadaye, objekti zinapokusanywa kuwa pakiti: wakati wa git gc, wakati wa git repack, na, jambo linalosahaulika kuliko yote, kila mtu anapokloni kutoka kwenye seva. Kazi hiyo hufanywa na pack-objects. Huzipanga objekti kwa aina, kisha kwa alama inayokokotolewa hasa kutokana na herufi za mwisho za jina la faili, kisha kwa ukubwa, kubwa zikitangulia. Halafu hupitisha dirisha juu ya foleni hiyo: kila objekti hulinganishwa na kumi zilizo jirani yake, ionekane ipi inafaa kuwa msingi wa tofauti.

Ili zilinganishwe, lazima ziwemo kwenye RAM, zimefumuliwa, kila moja na faharasa yake ya kutafutia. Kwa mafaili ya msimbo yenye kilobaiti chache, kumi si kitu. Lakini itazame tena ile foleni. Matoleo yenye jina moja hukaa pamoja, na makubwa hukaa mbele. Kwa hiyo repo ikiwa na nakala ya data ya megabaiti 100 inayokomitiwa tena na tena, dirisha halikutani nayo mara moja moja kwa bahati mbaya. Linajaa matoleo yake kumi kwa mkupuo. Hali mbaya kuliko zote ndiyo hali ya kawaida.

Sasa ongeza nyuzi. Usipoweka pack.threads, Git huhesabu viini vya prosesa na kuanzisha uzi mmoja kwa kila kiini, na kila uzi huwa na dirisha lake. Mwongozo wa Git wenyewe unasema bila kuficha kwamba kumbukumbu ya dirisha huzidishwa kwa idadi ya nyuzi. Breki ipo, inaitwa pack.windowMemory, nayo huja ikiwa sifuri. Sifuri hapo maana yake ni bila kikomo.

Tuchukue kampuni yenye maduka manane, ambayo kila jioni hukomiti nakala ya data ya mauzo ya kila duka, MB 100 kwa faili. (Msinicheke. Nakala za data ndani ya Git ni nyingi kuliko zinavyokiriwa.) Baada ya siku 30 kuna objekti 240 za namna hiyo. Seva ilizipokea kwa mafungu madogo, na kwa kuwa hakuna fungu lililofika objekti 100, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha transfer.unpackLimit, ziliachwa moja moja bila kupakiwa. Ile gc inayojiendesha yenyewe haiamki mpaka objekti zilizo huru zikaribie 6,700. Kwa mwendo wa objekti kumi kwa jioni, nane za data, moja ya orodha ya folda na moja ya komiti, hizo ni jioni 670. Katikati ya subira hiyo anaajiriwa mhandisi mpya, naye anakloni. Kwenye seva ya viini vinane zinaamka nyuzi nane, mara objekti kumi, mara MB 100: gigabaiti 8 kwa kiwango cha juu, kabla ya kuhesabu faharasa. Na kwa kuwa tofauti zilizopatikana wakati wa kukloni hazirudishwi kwenye repo, mwenzake akikloni baada ya chakula cha mchana kazi yote inaanza upya.

Mkubwa wa chumba anapandisha daraja. Hapa naomba kila anayesaini ankara asome taratibu. Mashine za kukodi haziuzi RAM peke yake. Huiuza pamoja na viini, kwa uwiano, na uwiano ulioenea ni GB 4 kwa kiini. Ukihama kutoka GB 16 kwenda GB 64, umehama pia kutoka viini 4 kwenda 16. Git inaviona viini vipya asubuhi ile ile na kuongeza nyuzi. Kiwango cha juu cha ulaji kimepanda mara nne, sawasawa na RAM uliyoilipia. Umenunua sufuria kubwa na kualika wageni zaidi siku hiyo hiyo.

Hesabu huwa ya kikatili zaidi mafaili yakikua. Mpaka ambao juu yake Git haijisumbui kutafuta tofauti, core.bigFileThreshold, ni mebibaiti 512. Faili la MB 500 liko chini ya mpaka huo. Dirisha moja lililojaa matoleo kumi ya faili kama hilo ni GB 5, na kiini kimoja kimekuja na GB 4. Mradi matoleo ya kuzitosha nyuzi yapo, hakuna ukubwa wa mashine katika uwiano huo utakaoliziba pengo, maana kila kiini unachonunua kinakuja na upungufu wake wa GB 1. Hiyo ndiyo RAM rahisi.

Tiba, kwa upande wake, ni mistari michache ya mipangilio. pack.windowMemory ikiwekwa 256m, dirisha hujibana lenyewe linapokutana na mafaili makubwa, huku madogo yakiendelea kufaidi nafasi zote kumi. pack.threads ikiwekwa 2, kizidisho kinakatwa. core.bigFileThreshold ikishushwa hadi 50m, au ukiandika *.dump -delta ndani ya info/attributes ya repo iliyo kwenye seva, mafaili yale hayaingizwi kabisa kwenye utafutaji. Hakuna cha bure hapo: ukiyatoa, diski itanenepa, kwa sababu nakala mbili zinazokaribia kufanana hazitashirikiana tena. Lakini hilo ni chaguo la kubishania kwa namba, diski dhidi ya RAM, RAM dhidi ya muda wa kukloni. Ile fatwa haikuwa na namba hata moja ndani yake.

3. Makontena hayajawaokoa

Watetezi wenye mwelekeo wa kisasa hunijibu kwamba wao hawakodi mashine nzima. Wanaendesha makontena, kila moja na mgawo wake, GB 2 na viini 2, kwa hiyo ulaji hauwezi kupita hapo. Kweli hauwezi kupita. Unauawa mlangoni.

Git huuliza idadi ya viini kwa sysconf, na sysconf hujibu kwa niaba ya mashine mwenyeji. Mgawo wa CPU uliowekwa kwa cgroup haumo kwenye jibu. Kontena la viini 2 lililoko juu ya mwenyeji wa viini 64 hufungua nyuzi 64, zote zikigombania CPU ya viini viwili na RAM ya GB 2. Kila uzi ukitaka MB 32 tu, kontena limejaa. Mchakato unarudi na namba 137, yaani 128 kujumlisha ishara ya 9, na mfumo wa kujenga na kupima programu, kwa utiifu wake, unaanzisha jaribio jipya ili nalo life vilevile. Kisha mgawo unapandishwa kuwa GB 4, halafu 8, na kwenye mabadiliko yote hayo hakuna aliyeandika pack.threads.

La pembeni: grafu ya kumbukumbu ya kontena mara nyingi hujumlisha pia kurasa za mafaili zilizosomwa, hivyo baada ya git clone hupanda na kubaki juu. Watu huutazama mstari huo ulionyooka na kuuita uvujaji. Ni kerneli imeyahifadhi mafaili kwa ajili ya msomaji anayefuata, basi.

4. Tiba za mtaani

Wasiotaka kununua RAM wana dawa zao, nazo huuzwa kwa ujasiri mkubwa zaidi. Inayopendwa ni git gc --aggressive, inayoagizwa hasa kwa yule ambaye seva yake imekufa kwa kukosa kumbukumbu. Chaguo hilo hupanua dirisha kutoka 10 hadi 250. Mara 25. Tena huzitupa tofauti zilizokwisha kupatikana na kuzitafuta zote upya. Desemba 2007 Torvalds mwenyewe aliwaeleza watu wa GCC kwamba kwa kazi za kawaida si chaguo la kushika, na kwamba anayetaka kupakia upya kwa nguvu afanye hivyo kwa git repack, akijua ni dirisha gani analolitaka na kwa nini. Karibu miongo miwili baadaye bado linatolewa kama panadoli. Neno aggressive linasikika kama usafi wa kina, na nadhani hilo tu ndilo lililoliuza.

Dawa ya pili ni kufuta. Tumeyaondoa yale mafaili makubwa, tumekomiti, yamekwisha. Komiti ya kufuta haifuti chochote kilichotangulia. Objekti zimo kwenye historia, kila anayekloni anazipata, na kila dirisha linazipitia. Kuziondoa kweli kunataka historia iandikwe upya kwa git filter-repo. Hapo namba za komiti zote zilizofuata hubadilika, na mtu mmoja mwenye nakala ya zamani anaweza kuzirudisha zote kwa push moja ya uzembe. Hata baada ya hapo, kwenye laptopu ya mhandisi reflog huzishikilia komiti zilizoachwa kwa siku 30, na gc huzipa objekti zisizo na mwenyewe wiki mbili zaidi. Aliyesema yamekwisha Ijumaa jioni alikuwa anazungumzia komiti yake, hakuwa anazungumzia seva.

Swap haihitaji aya nzima. Nyuzi nane zinazorukaruka ndani ya GB 8 kwenye diski hazitauawa, ila pia hazitamaliza kazi.

5. "Inavuja"

Shtaka la uvujaji linavutia kwa sababu linamwondolea kila mtu lawama, isipokuwa watu wa mbali wasioweza kujitetea. Lakini Git si huduma inayoishi miezi. Amri zake nyingi huzaliwa, hufanya kazi, hufa, na kerneli hutwaa kila baiti. Kwa miaka mingi waandishi wake waliacha baadhi ya kumbukumbu bila kuiachilia, kwa makusudi, kwa kuwa mchakato ulikuwa unakaribia kwisha na kuachilia kungekuwa kupoteza muda. Usafi huo ulikuja kufanywa kwa taratibu, na kufikia toleo 2.48 la Januari 2025 majaribio ya Git yalikuwa yanapita chini ya kipima uvujaji. Mojawapo ya sababu ilikuwa kutaka msimbo wake uweze kutumika kama maktaba ndani ya programu zinazodumu. Anayesubiri usafi huo umpunguzie dirisha la GB 8 atasubiri sana, kwa sababu dirisha halikuvuja. Liliombwa, likatolewa, likatumika.

Ukiona mchakato unaonenepa siku hadi siku, soma jina lake kwanza. Mara nyingi si git. Ni Java inayoendesha Gerrit, ambayo haitumii Git ya lugha ya C bali JGit, na hukaa ndani ya hipu iliyopangiwa ukubwa na mtu wa ofisini kwenu. Au ni kiolesura cha wavuti kilichozunguka Git. Au ni kihariri cha mhandisi kilichoacha programu zake za kuchambua msimbo zikiishi tangu wiki iliyopita. Kuiita Git mvujaji hapo ni kumkamata aliyepita karibu na tukio.

Kisa cha GCC cha mwaka ule ule wa 2007 kinafaa kurudiwa, kwa kuwa kina kila kitu ambacho fatwa hukikwepa. Wakati huo msimbo wa GCC ulikuwa bado unatunzwa rasmi kwa Subversion (walihamia Git Januari 2020), lakini nakala yake ya Git ilikuwepo, na ilipopakiwa upya kwa dirisha pana na nyuzi kadhaa, kumbukumbu ilipanda kupita kile ambacho hesabu ya dirisha ingeweza kukieleza. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema inavuja, au ya kusema nunua. Waliojitosa, Torvalds na Nicolas Pitre wakiwa miongoni mwao, walipima badala yake: wakabadilisha idadi ya nyuzi, wakabadilisha pakiti ya kuanzia, kisha wakabadilisha hata kigawa kumbukumbu chenyewe. Ilipowekwa tcmalloc ya Google mahali pa malloc ya glibc, ulaji ulishuka sana. Vipande vidogo vilivyoombwa na kuachiliwa na nyuzi mbalimbali vilikuwa vimeacha mashimo ambayo malloc haikuweza kuyarudisha kwa kerneli. Hakuna baiti iliyovuja, na hakuna mtu aliyenunua RAM ili kulijua hilo.

6. Rahisi kwa nani, na saa ya nani?

Hoja ya saa ya mhandisi ndiyo nzito, kwa hiyo niipe uzito wake. Uchunguzi ninaoutaka si wa wiki. Chukua nakala ya repo, endesha pack-objects chini ya /usr/bin/time -v kwa pack.threads=1, kisha kwa 4, na tazama kiwango cha juu cha RES. Kikipanda pamoja na nyuzi, dirisha lako ndilo mlaji. Kisipopanda, rudi kwenye RssFile uone kama kuna tatizo lolote. Endesha git-sizer ikutajie objekti kubwa kuliko zote na faili zilikotoka. Kazi hii huisha kabla idara ya fedha haijajibu barua pepe ya kuomba daraja jipya, na hiyo idara nayo ina saa zake, ambazo katika hoja ile hazikuhesabiwa. Ankara hurudi kila mwezi. Mistari ya mipangilio huandikwa mara moja.

Na kama kuna kampuni iliyoweza kununua tu, ilikuwa Microsoft. Mwaka 2017, ilipoihamishia Windows kwenye Git, repo ilikuwa na mafaili takriban milioni 3.5 na ukubwa wa GB 300. RAM waliyoweza kununua sina haja ya kuikadiria. Badala ya kuridhika na kununua, waliandika mfumo mzima wa mafaili, GVFS, ili Git isiguse kile ambacho mhandisi hajakifungua. Masomo yaliyotokana nao yaliishia katika Scalar, ambayo iliingizwa ndani ya Git yenyewe kwenye toleo 2.38 la mwaka 2022. Wenye fedha walichunguza. Wasio nazo ndio wanaoambiwa wanunue.

Kuhusu bei, wenye msemo wamechelewa kusoma habari. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba, na Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kwamba inaachana na Crucial, jina lake la kuuzia RAM wanunuzi wa kawaida. Kwa anayelipa seva kwa dola akiwa na mapato ya shilingi, ya Dar es Salaam au ya Nairobi, urahisi ule ulikuwa wa kusimuliwa hata kabla ya hapo.

Kuna mahali ambapo kununua ni sahihi. Repo yenye mamilioni ya objekti halali, inayokloniwa na wengi kwa wakati mmoja, itakula kwa kuhesabu tu objekti hizo, na kila anayekloni anapata mchakato wake wa pack-objects. Hata hapo bitimapu huja kwanza, maana hufupisha hesabu hiyo, na zimo ndani ya Git tangu 2014. Baada yake, nunueni. Mtakuwa mnajua ni objekti ngapi na wanaokloni wangapi, na ankara itakuwa na kitu cha kugawanywa nacho.

Lakini seva si mashine pekee kwenye hesabu hii, na hilo ndilo fatwa hulificha vizuri kuliko yote. Kila repo iliyonenepa hushukia kwenye laptopu ya mtu. Anayeanza kazi akiwa na laptopu ya GB 4, RAM yake imelehemiwa kwenye ubao, na kwake index-pack ndiyo inayofumua zile nakala za mauzo za maduka manane, juu ya bando alilolipia mwenyewe. Hawezi kupandisha daraja. Tangu mwaka 2018 amri za Git zinamruhusu kukloni kwa --filter=blob:none, akapata historia yote na kuchukua mafaili pale tu anapoyahitaji, ila seva yenu lazima imkubalie kwa uploadpack.allowFilter, ambayo huja ikiwa imefungwa. Seva ambayo RAM yake imeongezwa mara zote hizo, na kila mara mtu akaingia kama msimamizi kuithibitisha, kwa kawaida bado imeifunga.